Bibi Hataki Kitu Kipya

Jumanne, 8 Agosti 1911. Malindi.

Daftari hili nilipewa siku ya kuondoka skuli, mwezi uliopita. Nilidhani nitalianza kwa jambo kubwa. Naanza kwa miguu, maana inaniuma.

Tumezunguka madukani tangu saa mbili asubuhi mpaka jua la utosi. Bibi Tindali, mwalimu wetu wa kushona, anakwenda kwao Ulaya mwezi ujao, na kabla ya meli amepewa wiki mbili za kupumzika. Kupumzika kwake ni kununua. Ana watu kumi na saba wa kuwapelekea zawadi — dada zake, mashoga zake, mke wa kasisi wa kwao, hata mwanamke anayemlishia paka. Kila mmoja apate kitu cha pwani hii. Mimi nimechukuliwa niwe kinywa chake. Kiswahili chake ni cha kitabuni. Watu wanamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha wananigeukia: amesema nini?

Sipendi kutazamwa. Leo nimetazamwa na soko zima.

Tuliingia dukani kwa Haridas. Akatandaza kila alichonacho: masinia ya shaba, shali, visanduku vya msandali. Akasema sinia moja lilikuwa la babu yake. Bibi akaligeuza, akaona chapa chini yake, akalirudisha. Anasema hayo yote yanatoka Bombei na kwao yamejaa. Anataka kitu cha watu wa hapa hapa, kilichokwisha kutumika. Kipya hataki.

Nikamfasiria Haridas. Akaniuliza kama nimesikia sawasawa. Nikasema ndiyo. Akamwita mkewe, Chanchalben, atoke nyuma aje asikie na yeye.

"Hataki kipya?"

"Hataki, Mama."

"Basi mwambie namuuzia mzee huyu," Chanchalben akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidole. "Ametumika miaka thelathini."

Bibi akauliza wanacheka nini. Nikasema wamefurahi kutuona. Chanchalben akanitilia mkononi kipande cha achari ya embe juu ya jani, akaniambia nile, kazi yangu ni ngumu kuliko yake.

Tumetoka na vikanda vitatu vya halua. Watu kumi na wanne wamebaki.

Jumatano, 9 Agosti. Malindi.

Sisimizi wameingia kwenye halua. Kikanda kimoja tu kimepona. Jefwa mpishi ameila iliyoharibika pamoja na sisimizi wake, anasema leo kapata na kitoweo.

Soko tena. Kofia za kushonwa kwa mkono — nzuri mno, vidole vya mtu vimetaabika juu yake miezi mingi. Bibi akauliza kama iko iliyovaliwa. Muuzaji akashika kofia ya kichwani mwake kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja. Sikumlaumu.

Jua kali, upepo wa kusi umejaa mchanga, na mimi nabeba mwavuli wa Bibi, kikapu cha Bibi na maneno ya Bibi. Kila neno linapita kwangu mara mbili. Nikirudi nyumbani sina hata moja langu.

Lakini baada ya chai kumetokea jambo. Nitaliandika polepole.

Bibi ameniambia misheni inatafuta msichana wa kuwafundisha wadogo kusoma, kuanzia mwezi wa kumi. Ataniandikia barua ya kunisifia. Ataiandika huko kisiwani tunakokwenda kesho kununua vitu, siku ya mwisho, ili Malindi aitie posta. Sharti liko moja. Msichana asiwe ameposwa. Mara mbili wamemfundisha mtu kazi, na mara mbili mume amekuja kumchukua katikati ya mwaka. Akanitazama machoni. Umeposwa, Yunike?

Nikasema hapana.

Na ni kweli. Nyumbani hakuna aliyenitajia neno. Mama ndiye aliyenipeleka misheni nikiwa na miaka minane, mwaka wa njaa, na baba alikubali kwa sababu ya chakula. Tangu hapo naenda kwetu kwa wiki mbili kila mwaka. Kule mimi ni Sidi. Jina la Yunike linamshinda hata Mama kulitamka.

Naitaka kazi hiyo. Mbele ya watu wazima sauti hunipotea, lakini mbele ya watoto sauti hutoka. Sijui kwa nini. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Alhamisi, 10 Agosti. Kisiwani, hori ya Mida.

Tuliondoka kabla ya jua. Bibi juu ya punda, Jefwa na wapagazi wawili, mimi nyuma. Tukapita Watamu, tukaingia njia ya mikoko, tukavushwa kwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi anaitwa Dzombo. Hasemi kitu. Nimempenda kwa hilo.

Kisiwa ni kidogo, nyumba ishirini labda. Nyumba tuliyokodiwa ni ya makuti na ina mbu. Ng'ambo yake, upande wa Matsangoni, ndiko kwetu. Bibi ameahidi Jumapili tutakwenda kuwasalimu wazee wangu.

Nimechoka. Nalala.

Ijumaa, 11 Agosti. Kisiwani.

Habari zimefika kabla yetu. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta wanawake tisa wamekaa mchangani, kila mmoja na kitu amekifunika.

Mbele alikuwa Kahonzi, msukaji mikeka, mwanamke mnene wa maneno mengi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kama kweli mzungu ananunua takataka.

"Ananunua vitu vilivyotumika, Mama."

"Mwanangu, mimi nina mkeka mpya, rangi nne, nimeusuka mwezi mzima kwa ajili ya harusi ya watu. Hautaki huo?"

"Hautaki."

"Anataka ule niliolalia uzazi wa watoto sita?"

Nikamfasiria Bibi, nikaacha habari ya uzazi. Bibi akafurahi mno. Ndiyo, ule. Kahonzi akaenda kuuleta akitikisa kichwa, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akalala kwa ubavu.

Basi Bibi amenunua mkeka wenye tundu, mwiko uliolika upande mmoja, kifumbu cha kukamulia tui kilichokuwa cheusi, na mbuzi ya kukunia nazi isiyo na meno. Hiyo mbuzi alidhani ni kiti cha heshima. Akaikalia mbele ya watu wote, amenyooka kama yumo kanisani. Mtu hakucheka. Walisubiri mpaka akaingia ndani.

Jefwa akaniambia, "Mwalimu, uwaambie Ulaya kwamba huku hatuna kitu kizima hata kimoja."

Ananiita mwalimu tangu aliposikia habari ya barua. Anatania tu. Lakini kila akiniita hivyo moyo wangu unanyanyuka kidogo.

Jumamosi, 12 Agosti.

Leo nimepita nyuma ya jiko la Kahonzi. Nimeona miiko sita mipya imening'inizwa juu ya moshi. Chini yake magamba ya nazi mabichi, yanafuka. Kahonzi hakuona haya. Akasema kesho kutwa itakuwa na miaka arobaini.

Bibi ameniuliza kama miiko ya Kahonzi ni ya zamani. Nikasema imekaa sana jikoni.

Si uongo. Lakini si kweli. Nimeomba msamaha katika sala, kisha nikaona nimeomba kwa maneno yale yale ya kuzungukazunguka.

Kazi mpya: vikaratasi. Kila kitu kinafungiwa kikaratasi kwa uzi, nami naandika kwa Kiingereza, maana mwandiko wangu ni mzuri. Mstari wa kwanza ni jina la kitu. Wa pili, kabila na mahali. Wa tatu, kazi yake. Bibi anasema kitu kisicho na habari yake ni kuni tu. Nisifiche neno, nisiongeze neno. Nimeandika kumi na mbili. Mkono umekufa ganzi.

Jumapili, 13 Agosti.

Tumesali watatu — Bibi, mimi, Jefwa aliyekuwa akisinzia. Kisha tukavuka kwenda kwetu. Saa moja ya njia kutoka ufukoni.

Niliona haya tangu tulipoingia uani. Haya kwa ajili yao mbele ya Bibi, na haya kwa ajili ya Bibi mbele yao, na haya kwa ajili ya viatu vyangu. Baba alivaa shuka yake nzuri. Mama alinishika kiganja akakigeuza, akakitazama kama anatafuta kitu, akaniachia. Hawe wangu, mama wa baba, akaniambia nimekonda, misheni wananilisha vitabu.

Wakampa Bibi madafu. Akawa anazungusha macho. Namjua sasa anapozungusha macho. Nikaomba asione kitu.

Akakiona. Ndani, juu ya kitanda cha baba, kilitundikwa kibuyu. Kirefu cha shingo, kimezungushiwa shanga nyekundu na nyeupe, chekundu chenyewe kama mahogani kwa kushikwashikwa miaka mingi. Sikukijua. Mwaka jana hakikuwapo. Bibi akasimama chini yake, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hicho ni cha dada yake mkubwa. Alikuwa hajapata kitu cha dada mkubwa.

Nikamwambia baba kwamba Bibi anakipenda kibuyu, anauliza bei.

Baba akatazama chini. "Mwambie hicho si changu cha kutoa."

Mama alikuwa mlangoni. Akageuka akaenda zake nje.

Na hapa ndipo nilipokosa. Sikuweza kumwambia Bibi "hatoi". Bibi ameshika kifua kwa furaha, baba amekunja uso, watu wote wananitazama. Nikasema kwa Kiingereza: anasema atafikiri.

Bibi akatabasamu. Anadhani amekwisha jifunza desturi yetu kule sokoni Malindi, kwamba mtu akikataa ndiyo kwanza anafungua mlango. Akaongeza bei. Baba akasema tena, si changu. Bibi akaongeza. Hawe, kwenye kona yake, akacheka kicheko kikavu.

"Katana," akamwambia baba, "mwambie basi ni cha nani."

Baba akamwita mtu alete dafu jingine.

Njiani kurudi Jefwa hakutania hata mara moja. Ni Mgiriama mwenzetu, amekwisha kuoa na kuoza mabinti. Nikamwuliza kile kibuyu kina nini. Akasema, "Kaulize kwenu, mwana wa Katana." Hakuniita mwalimu.

Jumatatu, 14 Agosti.

Bibi amenituma kwetu na Jefwa asubuhi, na fedha ndani ya kitambaa. Amesema baba amepata usiku mzima wa kufikiri.

Baba hakuwapo, alikwenda kwa ndugu zake. Mama alikuwa shambani. Hawe alikuwa uani anapura kunde kwa fimbo. Nikakaa nikachambua naye. Nikamwambia nimekuja kwa kibuyu.

"Unajua kibuyu kile kilikuja na nini?"

"Sijui, Hawe."

"Kilikuja na tembo la mnazi. Kimekuja mara tatu kimejaa, kutoka nyumba ya Garama. Wanakiita kadzama, tembo la kuombea msichana. Mara ya kwanza wakaulizwa, mnaomba nani? Mara ya pili wazee wakaonja. Mara ya tatu baba yako na ndugu zake wakakinywa mpaka tone la mwisho, wakakitundika. Jumatano Garama anakuja kukichukua. Akikichukua mkononi mwa baba yako, maneno yamekwisha."

Nikauliza msichana gani. Nilikuwa nimekwisha jua. Nyumba yetu ina msichana mmoja.

Hawe akaendelea kupiga kunde. Akasema hata yeye alipoombwa hakuambiwa, msichana haambiwi mpaka njia itengenezwe. Akasema mtoto wa Garama, Kiponda, ni mgema mzuri, hajaanguka mnazi, hampigi mtu. Akasema nisilie juu ya kunde, zitaota ukungu.

Sikuwa nalia. Nilikuwa nimechoka tu. Nimechoka kama mtu aliyetembea kutoka Malindi mara mbili.

Kiponda simjui kwa ubaya. Alinipita njiani mwaka jana, akasimama kando nipite kwanza. Baba naye hakunificha kwa hila. Ndivyo inavyofanywa. Natafuta wa kumkasirikia na sipati, ila nafsi yangu. Nimesema mbele ya Bibi kwamba sijaposwa, na wakati ule ule kibuyu kimening'inia juu ya kitanda cha baba.

Jefwa alinirudisha ufukoni. Akasema, "Mimi sikuwa na ruhusa ya kukwambia." Nikasema najua.

Nimemrudishia Bibi fedha yake. Nikasema kibuyu ni cha mtu mwingine, kimewekwa tu. Akauliza mtu gani. Nikasema jirani. Akasikitika, lakini akasema heri mtu mwaminifu kuliko kibuyu. Akanipapasa bega.

Nimeshindwa kula.

Jumanne, 15 Agosti. Saa tano.

Kesho alfajiri tunarudi Malindi. Barua Bibi ataiandika leo, baada ya kulala mchana. Nimeamka nikijua hivyo. Nimekuwa nikifunga vitu katika majani makavu tangu asubuhi, nikijiambia rohoni: nitamwambia akimaliza chai. Nitamwambia tukimaliza kapu hili. Kapu la tano sasa.

Nikimwambia, hakuna barua. Nisipomwambia, naingia darasani kwa barua ya uongo, na siku moja Kiponda atakuja kunichukua mbele ya wale watoto. Nitakuwa msichana wa tatu.

Mama amekuja! Namwona anashuka mtumbwini. Ameinua leso juu ya kifua, amebeba kitu kama mtoto.

Jumanne hiyo hiyo. Saa nane.

Bibi amelala. Niandike yote kabla hajaamka.

Mama hakunisalimu. Akapita moja kwa moja mpaka barazani kwa Bibi, akakaa chini, akafungua leso. Kibuyu.

"Mwambie nimekuja kuuza."

Nikamwita pembeni kwa macho. Hakuja. Nikamwambia kwa lugha yetu, Mama, Hawe amenieleza, nakijua hiki. Akasema afadhali, hatanipotezea muda.

"Baba anajua?"

"Baba yako amekwenda kumchinjia Garama mbuzi. Akirudi atatazama ukutani, atajua."

"Mama, watakuja."

"Watakuja kuchukua nini? Mkono mtupu haumalizi maneno. Mwambie nauza."

Bibi alikuwa amesimama, mikono imefumbatwa kama mtoto anayengoja sukari. Akaniuliza: jirani amekubali? Mama akataka kujua anasema nini. Nikamfasiria — Bibi anauliza kama mwenye kibuyu ameridhia.

Mama akasema, "Mwambie kilichokuja ndani yake kilikuja kwa ajili ya kitu nilichokizaa mimi. Wao walikunywa. Mimi kikombe changu nilikimwaga nyuma ya nyumba. Mwenye mali ndiye anayeuza."

Nilitafuta Kiingereza cha maneno hayo. Nilikipata chote. Nikasema sehemu ya mwisho tu: mwenye mali ndiye anayeuza. Bibi akasema oo, kumbe kilikuwa cha mama yako! Nikaliacha hivyo. Jefwa, aliyekuwa anasugua sufuria, aliacha kusugua.

Bibi akatoa fedha. Mama akairudisha nyuma kwa mgongo wa mkono. Akaniambia, fedha baba yako ataiona, ataiwekea swali. Akaangalia meza, akaonyesha karatasi ya sindano za Bibi. Sindano kumi. Akazichoma moja moja ndani ya pindo la leso, zisionekane. Bibi akasema kwa bei hiyo ataona haya mbele ya dada yake. Akamwongezea kikanda cha halua kilichopona.

Kisha Bibi akaniachia vikaratasi. Vimebaki vitano. Akasema niandike vyote, na hicho cha kibuyu nikiandike vizuri kuliko vingine: jina, mahali, kazi yake hasa. Tena akatabasamu, akasema akiamka atasoma vikaratasi vyangu, halafu ataandika barua. Mwandiko wangu wenyewe utakuwa ushahidi.

Nimeandika vinne. Mwiko. Mwiko. Kawa. Mwiko. Katika miiko nimeandika mstari wa tatu: umefukizwa moshi na Kahonzi, siku tatu. Sijui kwa nini nimeanza na hiyo. Labda nilikuwa naujaribu mkono.

Mama hajaondoka. Amekaa nyuma yangu, anakula halua kidogo kidogo kwa ncha ya kidole. Hajawahi kula halua. Nimemwambia arudi kabla baba hajafika. Amesema hatembei na jua hili. Hajui kusoma. Anadhani kikaratasi kikishafungwa shingoni, kibuyu kimekuwa cha Bibi moja kwa moja, wala mtu wa Giriama hawezi tena kukidai, kama vile misheni walivyoandika jina langu kitabuni mwaka ule na baba akaambiwa basi.

"Bado?" ananiuliza.

"Bado, Mama."

"Maneno gani hayo marefu hivyo?"

Nimemwambia natakiwa kuandika kazi yake. Nimemwuliza, niandike? Nikiandika Bibi atajua nimeombwa. Huenda akakirudisha kibuyu, huenda akanirudisha na mimi. Mama amelamba kidole. Amesema yeye amekwisha kufanya lake, amevuka maji nalo mchana kweupe. Lililobaki ni la mwenye kalamu.

Nimeandika mstari wa kwanza: Kibuyu. Nimeandika wa pili: Wagiriama, Matsangoni.

Kuna watu ng'ambo. Wawili, kwenye mchanga. Mmoja ni baba, namjua kwa shuka. Wa pili ni mzee mwenye fimbo, bila shaka Garama. Baba anaita mtumbwi. Sauti inafika vizuri, maji yamejaa. Chumbani kitanda cha Bibi kimelia, anageuka au anaamka.

Dzombo amesimama majini na upondo wake. Hamtazami Mama, hatazami mlango wa Bibi. Ananitazama mimi, nimwambie aende au asiende.

Nimemwambia aende akawachukue. Ila aende polepole. Nimesema kwa sauti, hata Jefwa kasikia jikoni. Mstari wa tatu, wa kazi yake, ni mrefu, na nimekwisha kuandika neno la kwanza, ambalo ni jina langu.